Lishe ya Farasi na Posho ya Mpagazi: Masika, Mbung'o na Chimbuko la Kariakoo, 1914–1918

Ikisiri

Makala haya yanachunguza tatizo la kuwalisha farasi na baghala wa jeshi la Uingereza waliolala nje katika masika ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na namna tatizo hilo lilivyochangia kuzuka kwa jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam. Hoja kuu ni kwamba mamia ya maelfu ya Waafrika walifanywa wapagazi kwa sababu mnyama wa mzigo hakuweza kulishwa wala kukaa hai katika nchi ya mbung'o na matope. Mzigo ulipohamishwa kutoka mgongoni mwa baghala kwenda kichwani mwa mtu, kanuni za lishe hazikuhama pamoja nao. Makala yanahitimisha kwamba historia ya Kariakoo haina budi kusomwa pia kama historia ya chakula: nani alipimiwa, alipimiwa kiasi gani, na nani alinyang'anywa ili kipimo hicho kitimie.

1. Utangulizi

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanafahamu kwamba jina la Kariakoo limetokana na matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza. Nairobi nako kuna mtaa wenye jina la asili hiyo hiyo, Kariokor. Maelezo ya kawaida huishia hapo: palikuwa na kikosi, kikapiga kambi, kambi ikawa mtaa, na mtaa ukawa soko. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni kwa nini jeshi lililokuwa na reli, meli, magari na maelfu ya wanyama lilihitaji kikosi cha namna hiyo.

Jibu la sehemu kubwa liko katika zizi. Vita vya mwaka 1916 vilianza kwa matumaini makubwa juu ya farasi, na vikaishia kwa kutegemea vichwa na mabega ya watu. Ili kuelewa mageuzi hayo, ni lazima kwanza kueleza farasi anayelala nje anakula nini, na kwa nini masika ya Afrika Mashariki yalimshinda.

2. Farasi wa nje na majira ya dhiki

Farasi ni mnyama wa nyasi. Tumbo lake ni dogo kulingana na mwili wake, naye hawezi kutapika. Kwa hiyo hula kidogo kidogo kwa muda mrefu, hata saa 14 hadi 16 kwa siku akiwa huru malishoni. Kwa kawaida huhitaji kila siku chakula kikavu chenye uzito wa takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili wake. Farasi wa kilo 450 huhitaji kilo 9 hivi. Farasi mdogo wa kilo 300 huhitaji kilo 6. Akibadilishiwa nafaka ghafla, au akipewa nafaka nyingi kwa mkupuo mmoja, hupatwa na msokoto wa tumbo unaoweza kumuua.

Katika nchi za baridi za Ulaya ya kaskazini, majira ya dhiki ni yale ya theluji. Nyasi huacha kuota, na mfugaji hulazimika kutoa nyasi kavu alizozikata na kuzihifadhi wakati wa joto. Farasi wadogo wa visiwa vya Shetland na wa Iceland huweza kulala nje majira yote hayo, kwa kuwa wana manyoya mazito, na kwa kuwa nyasi kavu zinapochachuka katika utumbo mpana hutoa joto linaloupasha mwili kutoka ndani. Mfugaji huyo anajua adui wake ni nani, na ghala lake liko karibu.

Tanzania haina majira ya theluji, lakini ina masika, mvua ndefu za Machi hadi Mei. Kwa macho ya mgeni, masika ni neema kwa mla nyasi: nchi yote huwa kijani. Hata hivyo, ni katika majira hayo ndipo farasi wa jeshi walipodhoofika na kufa. Sababu za jambo hilo ni nne, nazo zilifanya kazi kwa pamoja.

Kwanza, nyasi changa za masika zina maji mengi, mara nyingi robo tatu ya uzito wake au zaidi. Farasi wa kilo 450 angehitaji kula takriban kilo 40 za nyasi mbichi ili kupata chakula kikavu kinachomtosha. Mnyama aliyepandwa au kubeba mzigo tangu alfajiri hakuwa na saa za kutosha za kufanya hivyo. Pili, saa zilizobaki, yaani jioni na usiku, ndizo zilizokuwa za hatari. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na usubi, ambao huuma zaidi kuanzia machweo hadi macheo na huongezeka wakati wa mvua. Mwaka 1916 jambo hilo lilikuwa bado halijathibitishwa; lilikuja kubainika kwa utafiti wa miaka ya 1940. Hata hivyo, wafugaji wa Afrika Kusini walikwisha kujifunza kwa uzoefu kumwingiza farasi bandani kabla ya jua kuzama na kutomtoa mpaka umande ukauke. Walidhani sumu iko katika umande. Dhana ilikuwa na kosa, lakini kanuni iliyotokana nayo ilikuwa sahihi. Jeshi lililo safarini halina banda, na farasi wake hulala palipo na kambi.

Tatu, palikuwa na mbung'o. Tangu mwaka 1895 David Bruce alikuwa amebainisha kule Zululand kwamba nagana husababishwa na vijidudu vya damu vinavyobebwa na mbung'o. Farasi mwenye nagana hukonda hata akipewa chakula kizuri. Madaktari wa mifugo wa jeshi waliwapa wanyama aseniki, ambayo iliwaongezea muda mfupi tu wa kazi. Nne, matope yalizikata barabara, na kwa hiyo nafaka na nyasi kavu, ambazo zingeziba pengo la malisho, hazikuweza kufika. Mvua iliyootesha nyasi ndiyo iliyozuia magari.

3. Ushahidi wa misafara kabla ya vita

Somo hilo halikuwa jipya. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi 2 na punda 27. Farasi wote wawili walikufa siku chache tu baada ya kuondoka pwani, na punda wakapungua kadiri safari ilivyoendelea. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aligharimia jaribio la ajabu zaidi: tembo 4 wa kufugwa kutoka India walishushwa pwani ya Msasani, karibu na Dar es Salaam, wakapelekwa bara. Tumaini lilikuwa kwamba tembo hatadhurika na mbung'o na atajilisha kwa majani ya njiani. Walikufa mmoja baada ya mwingine, na jaribio likaachwa.

Wafanyabiashara wa misafara walikuwa wamekwisha kulikubali fundisho hilo. Pembe za ndovu, nguo na shanga zilisafiri kwa vichwa vya watu, na Wanyamwezi walijijengea heshima kubwa katika kazi hiyo. Mpagazi wa karne ya 19 alikuwa na soko la kazi yake. Aliweza kukubaliana juu ya mshahara, uzito wa mzigo na posho, yaani chakula cha kila siku au nguo na shanga za kukinunulia. Aliyeona posho haitoshi aliweza kugoma au kutoroka. Tofauti hii ni ya msingi kwa hoja ya makala haya, kwa kuwa upagazi wa vita uliichukua kazi ile ile na kuiondolea haki ya kukataa.

4. Masika ya mwaka 1916

Jenerali Jan Smuts aliwasili Afrika Mashariki Februari 1916 kuongoza majeshi ya Uingereza dhidi ya Paul von Lettow-Vorbeck. Alitoka katika nchi ambayo vita vyake vya karibuni vilipiganwa juu ya farasi, na mbinu yake ilikuwa ya mwendo wa kasi na kuzunguka ubavu wa adui. Machi 1916 Moshi ilitekwa. Mapema Aprili, mvua zikiwa zinaanza, Jenerali Jaap van Deventer alitumwa na kikosi cha farasi kutoka Arusha kupitia Lolkisale kwenda Kondoa Irangi.

Kondoa ilitekwa katikati ya Aprili, lakini kikosi kilichofika hakikuwa kile kilichoondoka. Farasi walikufa njiani kwa maradhi, uchovu na njaa. Nyuma yao mvua ilifunga barabara, na reli ya kijeshi iliyotoka Voi ilikuwa mbali. Kwa wiki kadhaa askari waliishi kwa walichokipata katika nchi ile na kwa kile kilicholetwa na wapagazi waliopita mahali ambapo gari na farasi havikuweza kupita. Kikosi kilichokusudiwa kupiga mbio kilikaa Kondoa hadi mvua zilipokwisha. Dodoma na Reli ya Kati havikutekwa mpaka mwisho wa Julai.

Baada ya kiangazi, hali ilizidi kuwa mbaya. Morogoro ilitekwa Agosti 1916 na Dar es Salaam mwanzoni mwa Septemba. Majeshi yalikuwa sasa katika mabonde ya Mgeta na kuelekea Rufiji, nchi ya mbung'o. Hesabu za kijeshi za kati ya Septemba na Novemba mwaka huo zinataja vifo vya takriban farasi 10,000, baghala 10,000, ng'ombe 11,000 na punda 2,500. Hata punda, anayevumilia zaidi kuliko farasi, hakunusurika. Wanyama wapya walishushwa bandarini, wakafanya kazi kwa wiki chache na kufa.

5. Hesabu ya mzigo

Ugumu wa tatizo unaonekana vizuri kwa mfano wa hesabu. Tuseme farasi mmoja anapewa kilo 5 za nafaka na kilo 5 za nyasi kavu kwa siku, kiasi kinachokaribiana na kanuni za majeshi ya wakati ule. Farasi 1,000 watahitaji tani 10 kila siku. Mpagazi akibeba kilo 25, tani 10 ni mizigo 400. Kama ghala liko umbali wa siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, watahitajika wapagazi 8,000 njiani wakati wote ili mizigo 400 ifike kila siku. Wapagazi hao wakila kilo moja kila mtu, watakula tani 8 kwa siku. Chakula hicho nacho ama kitabebwa na wapagazi wengine, ama kitachukuliwa kutoka katika vijiji vya njiani.

Mfano huu unaonyesha mambo mawili. Kwanza, mtu hakuweza kumlisha farasi. Farasi akishindwa kulishwa kwa reli au gari, ilibidi aondolewe kabisa. Pili, mtu alikuwa nafuu kwa jeshi kwa sababu alikula kiasi cha sehemu ya kumi ya alichokula farasi, hakuhitaji nyasi kavu kutoka ng'ambo, na alipokufa palikuwa na kijiji ambacho kililazimishwa kutoa mwingine. Unafuu huo haukumaanisha kwamba mwili wa mtu ulivumilia zaidi. Ulimaanisha kwamba gharama yake ilibebwa na mtu mwingine: familia yake, shamba lake na kijiji chake.

6. Kutoka zizi hadi kambi

Kikosi cha wapagazi kiliundwa mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Kiingereza chini ya Oscar Watkins, ofisa wa utawala aliyejua Kiswahili. Baadaye kilipanuliwa na kubadilishwa jina rasmi, lakini kwa wananchi kilibaki kuwa Kariakoo. Dar es Salaam ilipogeuka kuwa kituo kikuu cha jeshi baada ya Septemba 1916, wapagazi waliwekwa magharibi ya uwanja wa Mnazi Mmoja, katika eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelipanga kuwa makazi ya Waafrika. Jengo la soko lililoachwa na utawala wa Kijerumani liliangukia katika kambi hiyo. Kwa hiyo mahali palipokusudiwa kuuziwa chakula palikaliwa kwanza na watu waliokusanywa ili kukibeba.

Kazi ya Geoffrey Hodges (1986), ambayo ndiyo ya kina zaidi juu ya kikosi hicho, inaonyesha kwamba posho ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo. Wapagazi walitoka katika jamii zenye vyakula tofauti: wengine walizoea wali, wengine ndizi, mtama, uwele au maziwa. Jeshi liliwapa wengi wao unga wa mahindi, mara nyingi uliosagwa vibaya. Unga wa namna hiyo hutaka kupikwa kwa muda mrefu. Mpagazi aliyefika kambini magharibi, katika mvua, bila kuni kavu na bila sufuria ya kutosha, alikula unga usioiva. Matokeo yake yalikuwa kuhara, na kuhara damu kukawa muuaji mkuu pamoja na kichomi na malaria. Watkins alilalamika mara kwa mara kwa wakubwa wa jeshi juu ya chakula, mablanketi na matibabu.

Ulinganisho na zizi unajitokeza hapa wenyewe. Kila mtunza farasi alijua kwamba mnyama hubadilishiwa chakula taratibu, kwamba hupewa kidogo kidogo, na kwamba hakai na baridi ya mvua bila kuongezewa lishe. Kanuni hizo ziliandikwa na kufundishwa. Mpagazi alibadilishiwa chakula siku ya kwanza, akapewa kipimo kimoja bila kujali mvua wala mwinuko, akalala nje kama farasi alivyolala. Jeshi lilikuwa na elimu ya lishe ya mwili unaofanya kazi. Ilichelewa kuitumia kwa mpagazi hadi pale vifo vilipoanza kutishia vita vyenyewe.

Idadi inayotajwa na wanahistoria kwa waliotumika upande wa Uingereza hufikia karibu milioni moja, na makadirio ya vifo ni karibu 100,000. Masika ya mwaka 1917, yaliyofurika bonde la Rufiji, yaliangukia jeshi ambalo sasa lilibebwa na watu karibu kabisa.

7. Posho ilitoka wapi

Chakula cha majeshi hakikutoka bandarini peke yake. Ugogo, nchi kavu inayotegemea mtama, uwele na mifugo, ilipitiwa na majeshi ya pande zote mbili. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi walipokuwa wakirudi nyuma, na Waingereza wakafanya hivyo walipoingia. Mvua ziliposhindwa baadaye, hapakuwa na akiba ghalani, wala ng'ombe wa kubadilisha kwa nafaka, wala vijana wa kulima. Njaa iliyofuata, kuanzia mwaka 1917 hadi 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Gregory Maddox (1990), aliyeichunguza, anakadiria kwamba iliua watu 30,000 kati ya watu 150,000, yaani mmoja katika kila watano.

Mtunya haupaswi kutenganishwa na historia ya Kariakoo. Unga uliopimwa kambini na ng'ombe waliochinjwa njiani vilikuwa na wenyewe. Nchi ambayo haikuweza kumlisha farasi ililazimishwa kuwalisha watu waliochukua nafasi ya farasi, na ikashindwa kujilisha yenyewe.

8. Kumbukumbu

Mwaka 1927 Sanamu ya Askari ilisimamishwa katikati ya Dar es Salaam. Aliye juu ni askari mwenye bunduki; wapagazi wamo katika michoro ya kuchongwa iliyo chini yake. Majina yao hayamo. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliokufa katika utumishi wa dola ya Uingereza, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa upande wa lugha, kumbukumbu ilihifadhiwa vizuri zaidi. Kariakoo limebaki jina la soko, ambalo jengo lake la sasa lilibuniwa na msanifu Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970. Karibu yake upo Mtaa wa Nyamwezi, wenye jina la watu waliokuwa mabingwa wa upagazi kabla ya upagazi kufanywa adhabu. Posho nalo ni neno linalotumika kila siku, ingawa wanaolipwa posho ya kikao au ya safari hawalihusishi tena na kibaba cha unga. Na katika mitaa hiyo hiyo mizigo bado hupita juu ya vichwa na mabega ya wachukuzi, kati ya magari na mikokoteni, ambao chakula chao cha mchana hutegemea idadi ya mizigo waliyopata asubuhi.

9. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba farasi wa jeshi walishindwa katika masika ya Afrika Mashariki kwa kukosa chakula kikavu, banda na kinga ya maradhi, ingawa walizungukwa na nyasi. Kushindwa huko kulilifanya jeshi ligeukie watu, na kambi ya watu hao ndiyo iliyoipa Kariakoo jina lake. Yameonyesha pia kwamba unafuu wa mpagazi kuliko farasi ulikuwa wa kihasibu tu: gharama iliyofutwa katika daftari za jeshi ililipwa kwa kuhara damu kambini na kwa njaa Ugogo. Mwanahistoria wa Dar es Salaam anayetaka kuiandika upya historia ya mtaa huu hana budi kwenda mbali zaidi ya asili ya jina. Anapaswa kufuata mzigo wa unga kurudi nyuma, kutoka kambini hadi njiani, na kutoka njiani hadi kwenye ghala la kijiji ulikochukuliwa.